Walivyogawana Nyoka wa Marehemu Mwita

Nyoka si wako. Tuanzie hapo, maana ninyi vijana mna haraka ya kufika kwenye meno. Umemkamata wewe, umemlisha wewe, umempa na jina la mchezaji wa mpira, bado si wako. Ni wa serikali. Wewe ni yaya tu, tena yaya asiye na mshahara.

Nasema hivi kwa sababu tangu nistaafu simu yangu haipumziki. Juzi kanipigia kijana wa bodaboda wa Nyamongo. "Shikamoo, Mama Nyoka." Marahaba. "Mama, nina kifutu wangu kwenye begi, nawarushia watu video, wanampenda sana. Nasikia kuna kibali. Nikija na picha mbili za pasipoti zinatosha?" Nikamuuliza picha za kwake au za kifutu. Akafikiri kabisa, kisha akauliza, "Kwani zinatakiwa za nani?" Mungu wangu! Na muda wote huo kifutu mwenyewe yuko mgongoni kwake na pikipiki inatembea. Nilimwambia asimame, ashuke, aliweke begi chini polepole na awapigie watu wa wanyamapori walio karibu naye. Akasema ana abiria.

Mimi kwetu ni Iramba, Singida. Serikali ilinileta Mara nikiwa binti mwembamba mwenye cheti kipya, nikazeekea Mugumu kwenye ofisi ya wanyamapori. Wenzangu walipewa tembo na simba, wakapigwa picha na wageni. Mimi nilipewa nyoka kwa sababu siku ya kugawana majukumu nilikwenda chooni. Niliporudi, kila mtu alikuwa anaangalia dari.

Basi nikajifunza. Kibali cha kufuga nyoka, hasa hawa wenye sumu, kinaombwa juu. Ofisi ya wilaya inakuja kukagua, inaandika inachokiona, inapeleka mbele. Bila kibali, nyoka uliyemfungia ndani ni nyara ya serikali kama pembe ya ndovu, na hakimu hatakuuliza kama mlikuwa mnapendana. Ukikipata, kina mwisho wake, unahuisha. Nyoka akitaga, unatoa taarifa. Akifa, unatoa taarifa, humtupi shimoni kimyakimya. Ukitaka kumtoa wilaya moja kwenda nyingine, unaomba kibali kingine cha kumsafirisha. Nyoka aliyefugwa kihalali ana makaratasi kuliko mwalimu mkuu. Na msinichanganyie mambo: yule aliyekukuta shambani akataka kukuua ni habari nyingine, wewe jiokoe kwanza, maswali baadaye.

Aliyenifundisha kukagua ni Mzee Kihwele, Mhehe mmoja mnene aliyekuwa akitembea kama anayetafuta kitu alichoangusha. Aliniambia, "Binti, ukifika kwa mtu usimuulize nyoka yuko wapi. Nyoka utamwona. Muulize funguo ziko wapi." Na kweli. Mtu akianza kupapasa mifuko, kisha akamwita mke wake, na mke akasema mara ya mwisho alizisahau kwa jirani, ukaguzi umeisha. Washa pikipiki, rudi nyumbani.

Alinifundisha pia kuingia bandani mchana, banda likiwa tupu, kufunga mlango na kukaa gizani. Kaa tu, macho yazoee. Popote unapoona mwanga unapenya, nyoka ameona barabara. Wengi wenu mnaoanza kazi hii mnakagua mmesimama, mnatazama ukuta usawa wa kidevu. Nyoka haishi usawa wa kidevu chako. Chuchumaa, hata kama suruali ni mpya.

Sasa niwasimulie ya Machochwe, maana hapo ndipo nilipoona sheria yangu ikifanya kazi ambayo hakuna aliyeitunga kwa ajili yake.

Kulikuwa na mtu anaitwa Mwita, Mkurya wa palepale, aliyewahi kuwa dereva kwenye kambi ya watalii. Akaona wazungu wanavyosimamisha gari kwa ajili ya nyoka, akapata wazo. Akaomba kiwanja serikali ya kijiji, kando ya barabara ya kwenda hifadhini, ajenge kituo cha nyoka, watalii na wanafunzi waingie kwa kiingilio na kijiji kipate chake. Kijiji kikamkubalia kwa sharti moja: kituo kikifa, kiwanja kinarudi. Akajenga banda, na ubavuni mwa banda chumba chake na mke wake, Bhoke.

Nilipokwenda kukagua mara ya kwanza nilikuta Mwita kasimama kifua mbele. Aliambiwa banda la nyoka wa sumu liwe na milango miwili. Akaweka mmoja mbele na mwingine nyuma. Nikamwambia, "Mwita, milango miwili maana yake unaingia wa kwanza, unaufunga nyuma yako, ndipo unafungua wa pili. Nyoka akiponyoka wa ndani anakutana na wa nje." Akatazama banda lake, akatazama upepo unavyopita kutoka mbele hadi nyuma. "Hee," akasema, "mimi nilidhani ni kwa ajili ya sisi kukimbia."

Siku ileile nilipata somo la macho. Alikuwa na swila, kwa idhini ya muda, kwenye sanduku la majaribio, na mimi nikainama kumtazama bila miwani, kwenye wavu wa matundu mapana. Swila hana adabu, anatema sumu na analenga macho. Ilikuwa kama nimepakwa pilipili na kuchomwa sindano kwa pamoja, nikapiga yowe ambalo nasikia bado linaigizwa Machochwe. Watu wakaja na misaada. Mmoja ana maziwa, mmoja anatafuna tumbaku ili anitemee, na mzee mmoja akajitolea kwa moyo mweupe kunikojolea. Aliyeniokoa ni Bhoke. Aliwasukuma wote, akanilaza chali, akanimiminia maji safi kutoka kwenye dumu, polepole, bila kuacha, mpaka dumu likaisha, akaagiza jingine. Kisha akanipandisha pikipiki kwenda zahanati. Shikeni hilo. Maji safi, mengi, kwa muda mrefu, usikune, halafu mganga wa serikali. Na aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe haraka hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Usimchanje, usimfyonze, usimfunge kamba, na lile jiwe jeusi la kubandika liacheni sokoni kwa aliyeliuza.

Mwita alirekebisha yote, kibali kikatoka kwa jina lake. Nyoka watatu: kifutu, koboko na swila. Lakini wageni wakija, aliyeingia na ndoano ni Bhoke. Mwita alikuwa anatoa hotuba.

Kisha Mwita akafa. Presha. Watu wa Machochwe walisikitika mara mbili, ya kwanza kwa kumpoteza, ya pili kwa sababu hakuumwa na nyoka, maana walikuwa wameshasema sana kuwa ndivyo atakavyokufa. Nami nilisikitika, nilimpenda yule mtu na milango yake.

Matanga yalipoisha, ndugu wakakaa kugawana mali kama ilivyo desturi ya ukoo. Marehemu aliacha watoto wawili wa kike tu, kwa hiyo wagawaji walikuwa kaka zake wawili na mdogo wao: Chacha mkubwa, Marwa wa katikati, Ryoba wa mwisho. Wakagawana ng'ombe. Wakagawana mbuzi, jembe la kukokotwa, redio. Halafu wakafika bandani.

Vijana, naomba mnielewe. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waaminifu wanaofuata utaratibu. Mali ya marehemu hugawanywa, nyoka walikuwa wa marehemu, basi wakawagawana, kwa kufuata ukubwa kama ng'ombe. Chacha, mkubwa, akachagua kwanza, akamchukua kifutu kwa sababu ndiye mnono. Marwa akapata koboko kwa sababu ndiye mrefu. Ryoba akaambiwa swila anamtosha, yeye bado kijana. Wakamwamuru Bhoke awatie kwenye ndoo zenye mifuniko, akawatia, kwa sababu alijua wakijaribu wenyewe patakuwa na matanga mengine matatu. Kila mrithi akaondoka na ndoo yake.

Na baada ya nyoka, Chacha akasema kilichobaki. Alikuwa tayari na wake wawili. Bhoke atakuwa wa tatu, atahamia kwake mwezi ukiandama.

Bhoke alinifuata ofisini Mugumu akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikataa kukaa. "Mama," akasema, "bila nyoka hakuna kituo. Bila kituo kiwanja kinarudi kijijini. Bila kiwanja mimi na binti zangu hatuna pa kulala ila kwa Chacha, na mimi kwa Chacha sitaki. Sitaki, mama. Ninajua anavyowafanya wale wawili. Nisaidie nipate nyoka zangu."

"Si zako," nikamwambia. Ndiyo, hata siku hiyo. Mdomo wangu huu. Kisha nikamweleza kwa utulivu. Kibali cha Mwita kimekufa pamoja na Mwita, hakirithiwi na mtu. Anaweza kuomba upya kwa jina lake, na mimi nitakwenda kukagua, lakini lazima nyoka wote watatu walioandikwa wawepo. Mmoja akikosekana, siwezi kuandika kuwa kituo kiko salama, na yeye aliyewafunga kwenye ndoo ndiye wa kwanza kuulizwa na polisi.

"Basi twende," akasema.

Tukaanza na Chacha. Alikuwa amemweka kifutu kwenye ghala la mahindi, na wake zake wote wawili walikuwa wamegoma kuchota mahindi, kwa hiyo mji mzima ulikuwa unakula mihogo. Alitupokea kwa heshima, akatupa viti, kisha akasema hatoi. "Huu ni urithi wa ndugu yangu. Serikali ilikuwa wapi wakati tunamzika?"

"Ilikuwa imekaa pale kwenye turubai," nikasema, "na ilikula ugali wako. Chacha, umeshika nyara ya serikali. Nikitoka hapa bila huyo nyoka, watakaokuja kesho hawatakaa kwenye kiti."

Alitazama sare yangu, akatazama ghala. Wake zake walikuwa wamesimama mlangoni mwa jiko wakiomba kwa macho kabisa. Akasema chukueni. Bhoke akaingia na ndoano, kifutu akajivimbisha na kupumua kama tairi lililotoboka, akaingia kwenye ndoo. Mke mkubwa akapita karibu yangu na debe, anakimbilia mahindi.

Kwa Marwa hakukuwa na ubishi. Marwa aliifikisha ndoo ya koboko ndani, akaiweka katikati ya chumba, akatoka, akafunga mlango kwa kufuli na hakurudi tena. Alikuwa analala kwa jirani yeye na familia yake. Nyumba ya bati, amemwachia nyoka! Tulipomwambia tunamchukua, alinishika mkono wangu kwa mikono miwili. "Mama, mimi ningemrudisha siku ileile. Lakini kaka angesema nimeogopa."

Ndipo tukafika kwa Ryoba. Ryoba hakuwa na ndoo. Alikuwa ameoa.

"Swila yuko wapi, mura, kijana wewe?" Bhoke akamuuliza.

Ryoba akatazama vidole vyake vya miguu. "Shemeji, mahari ilipungua ng'ombe mmoja."

Nilitamani kukaa chini, na nilikaa. Mnaelewa alichofanya? Alikuwa anaoa Nyakunguru, wilaya ya Tarime, kwa mzee anaitwa Nyamhanga, mchimbaji mdogo wa dhahabu. Mzee alikuwa anaibiwa magunia ya mawe ya dhahabu kutoka stoo kila mara. Ryoba akamwambia, baba, ng'ombe wa mwisho sina, ila ninaye mlinzi asiyelala wala kunywa pombe. Mzee akamwangalia yule swila akitanua shingo, akasema huyu anahesabika. Swila akalipwa mahari. Akasafirishwa kwa bodaboda, akavuka mpaka wa wilaya bila karatasi hata moja.

Nikampigia mwenzangu wa Tarime nimweleze. Alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena, akaniuliza kama mahari yote ilikuwa ya nyoka au ni sehemu tu.

Tulimkuta Mzee Nyamhanga mbele ya stoo yake, kavaa buti za mpira, mtu mwenye furaha. Tangu swila aingie mle hakuna aliyesogea. Tatizo moja tu, na yeye mwenyewe alikuwa hajasogea. Mawe yake yote yalikuwa salama ndani na hakuna namna ya kuyapeleka kusagwa. Lakini kutoa alikataa katakata.

"Mama, hii ni ng'ombe ya binti yangu. Mkiichukua, binti yangu ameolewa nusu. Namrudisha leo."

Ryoba, ambaye tulikuja naye, akaanza kulia, mwanaume mzima. Alikuwa anampenda yule msichana kweli. Mimi nikaanza hotuba yangu ya nyara na mahakama, mzee akaniangalia kwa huruma na kusema mahakama anaijua, ameshakwenda mara nyingi kwa habari ya mawe, na viti vyake ni vigumu.

Bhoke akanishika bega. "Mama, mwache. Baba," akamwambia mzee, "mimi nina mtamba mmoja. Ni wangu, nilipewa na mama yangu mzazi, hakuhesabiwa kwenye urithi. Ana mimba. Mchukue huyo, unipe nyoka."

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia huyo ndiye ng'ombe pekee aliyebaki naye duniani. Akaniambia anajua idadi ya ng'ombe zake. Mtamba akaletwa kesho yake, mzee akamzunguka, akambonyeza tumbo, akamtazama mdomoni. "Huyu hatemi?" akauliza. Hatemi, baba. "Haya."

Bhoke akavaa miwani ya kuchomelea aliyoazimwa na fundi wa pale Nyamongo, akaingia stoo. Tulisikia tu kwato za ng'ombe nje na yeye ndani anaongea na nyoka kama anaongea na mtoto anayekataa kuoga. Swila alimtemea miwani yote, ikawa nyeupe, lakini alitoka naye. Mwenzangu wa Tarime alikuwa amefika na kibali cha kumsafirisha. Kwenda alikwenda kama mwizi, kurudi alirudi kama mkuu wa wilaya, na gari la serikali mbele.

Kwa hiyo siku ya ukaguzi nyoka wote watatu walikuwa bandani Machochwe. Nilichuchumaa, nilikaa gizani, niliuliza funguo, Bhoke akazivua shingoni. Mlango ndani ya mlango. Maji ya dumu karibu. Jina la hospitali yenye dawa, na namba ya simu ya kuita gari, vimeandikwa ukutani kwa rangi. Nilikuwa nimekwisha kuandika kuwa anafaa nilipotoka nje nikakuta wazee wa ukoo wameshakaa kwenye vigogo, na Chacha amesimama katikati.

Alikuwa amewaita. Mwezi ulikuwa umeandama.

"Wazee wangu," akasema, "nyoka wamekwenda. Sawa. Serikali ina bunduki. Lakini mke wa ndugu yangu hana mkia. Huyo si nyara. Ni wetu, na leo naondoka naye."

Mzee mmoja, aliyekuwa kama mwenyekiti wao, akanigeukia. "Mama, sheria yako inasema nini juu ya mwanamke?"

Mnajua, sheria za mjane zipo, lakini ziko Mugumu kwenye ofisi nyingine, na mimi pale nilikuwa na ya wanyama tu. Nikasema ukweli. "Mzee, yangu ni ya nyoka. Inasema mtunzaji aliyeandikwa alale palepale nyoka wanapolala. Ndilo sharti la kwanza tunaloweka kwa wenye sumu. Bhoke akilala kwingine, nafunga kituo leo hii, na kiwanja kinarudi kijijini."

"Kifungwe!" Chacha akasema.

Wazee wakaguna. Kituo kilikuwa kinakipa kijiji fedha za kununulia madawati na dawa ya josho, na kila mmoja wao alikuwa na mjukuu aliyejigamba shuleni kwamba amemwona koboko. "Hakifungwi," yule mwenyekiti akasema. "Hilo usiliseme tena."

Hapo Bhoke akasimama. Nilidhani atalia, au atatukana, maana niliona hana tena ng'ombe, hana kaka wa kumsemea, na mimi nimeshafika mwisho wa sheria yangu.

"Wazee, mimi sikatai," akasema. "Shemeji anataka kunirithi, anirithi. Ila amesikia, mimi siruhusiwi kutoka hapa. Basi aje yeye. Chumba kipo, ukuta wetu na banda ni mmoja. Alfajiri koboko akiamka huwa anajigonga kwenye wavu, utamzoea, shemeji. Na kazi za Mwita zinakusubiri. Mwita ndiye alikuwa anamshikia mkia kifutu ninapomsafishia."

Uongo mtupu! Mwita hakuwahi kushika mkia wa chochote. Mimi nilitazama mlima.

Wazee walipendezwa mno. "Ni haki," mwenyekiti akasema. "Mila inatimia na kituo kinabaki. Chacha, nenda ukaone chumba."

Mkurya hawezi kusema anaogopa mbele ya wazee. Chacha akaingia. Tukasikia mlango wa kwanza, tukasikia wa pili, kwa sababu Bhoke alimzungusha kwa njia ya bandani ili aone vizuri. Kisha tukasikia wavu ukilia, ngwaa, mara moja. Chacha akatoka. Aliomba maji, akanywa kata nzima.

"Shemeji," akasema, "chumba ni kizuri. Ila mimi nina ng'ombe wengi, nani atawaangalia?"

"Basi Marwa," mwenyekiti akasema. Tukageuka. Marwa alikuwa hayupo, pikipiki yake ilishafika mbali, vumbi tu. "Ryoba?" Ryoba akasema yeye ndiyo kwanza ameoa, na mkewe ana wivu.

Wazee wakashauriana kwa Kikurya, wakicheka chinichini, wale wazee ni wahuni sana msidanganyike na fimbo. Mwenyekiti akatangaza kuwa kila mwanaume wa ukoo amepewa nafasi yake na hakuna aliyeitaka. Mjane aachwe anapolala. Chacha hakupinga. Alisema tu kwamba miguu inamuuma, akaondoka.

Kibali kilichukua muda, kama kila kitu kinachopita mezani kwa watu wengi. Kilipofika nilikipeleka mwenyewe. Nilijitayarisha kumsomea masharti, ninayajua kwa kichwa. Bhoke hakuyatazama masharti. Alitafuta mahali palipoandikwa jina, akaweka kidole. Palikuwa na jina lake peke yake, hakuna mke wa fulani wala mjane wa fulani. Akalisoma kwa sauti. Akawaita binti zake, nao wakalisoma. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyopandishwa cheo, na nawaambieni hivyo bila aibu.

Kisha akaniuliza, "Mama, siku nikifa, hiki nani anarithi?"

"Hakirithiwi."

"Hata Chacha?"

"Hata Chacha."

"Na hawa mabinti zangu?"

Nilijua jibu halipendezi. "Hata hao, Bhoke. Kila mmoja itabidi aombe kwa jina lake."

Aliwageukia wale wasichana, na uso wake ulikuwa umekunjuka wote.

"Mmesikia?" akawaambia. "Kwa majina yenu."